Iqbal, Badawi, Lahbabi au Bennabi? Pa kuanzia ukitaka kufikiri juu ya nafsi na kesho

Ukimwuliza mtu aliyesoma akuonyeshe pa kuanzia katika falsafa ya Waislamu wa zama hizi, mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni kurudishwa kwa Ghazali na Ibn Rushd, wanazuoni wa kale, kana kwamba tangu karne ya 12 watu walifunga vitabu wakalala. La pili ni kumiminiwa majina: huyu wa Cairo, yule wa Rabat, mwingine wa Lahore, kila mmoja na rafu yake ya vitabu. Unatoka hapo umechanganyikiwa kuliko ulivyoingia.

Makala haya yanapunguza mzigo huo hadi wanafalsafa wanne na maswali mawili. Katika dini inayosisitiza jamaa, safu za sala na umma, mtu mmoja ana uzito gani? Na watu ambao hotuba zao nyingi huanza na utukufu wa kale, wanaifikiriaje kesho? Swali hili la pili si la kubuni. Mwanafalsafa wa Morocco Mohammed Abed al-Jabri, katika kitabu chake cha 1980 juu ya Waarabu na turathi yao, yaani urithi wao wa kale, aliwalaumu wa mrengo wa dini, waliberali na wa mrengo wa kushoto kwa pamoja: kila mmoja akitaka kuujenga mustakabali, hutafuta kwanza kitu kilichokwisha kupita mahali fulani, kisha anaupima kwa kitu hicho. Huyu anapima kwa wema waliotangulia, yule anapima kwa Ulaya.

Wanne niliowachagua ni Muhammad Iqbal, Abdurrahman Badawi, Mohamed Aziz Lahbabi na Malek Bennabi. Walisoma Ulaya au kwa walimu kutoka Ulaya, lakini hakuna aliyeridhika kuazima nafsi kwa Mzungu. Kila mmoja alirudi kuchimba nyumbani, na kila mmoja akachimba mahali tofauti.

Nitawapitisha kwenye maswali yaleyale: mtu ni nani, wenzake wana nafasi gani, kesho ni kitu gani, dini inaingilia wapi, na kitabu chenyewe kinasomeka vipi na kwa lugha ipi. Hilo la mwisho wasomi huliruka. Mimi naliona la maana, kwa sababu mwanafalsafa usiyeweza kumpata wala kumwelewa hakusaidii kitu.

Ni akina nani hawa

Iqbal alizaliwa Sialkot, Punjab, mwaka 1877, akasoma Lahore na Cambridge, akapata uzamivu wake Munich, akafariki Lahore mwaka 1938. Si Mwarabu, na wapo watakaouliza anatafuta nini hapa. Ni kwamba Waarabu wenyewe walimchukua. Mashairi yake yalifasiriwa kwa Kiarabu huko Misri, na mwaka 1967 Umm Kulthum aliimba "Hadith al-Ruh", ambayo imetokana na malalamiko mashuhuri ya Iqbal kwa Mola wake. Aliyekuwa akimsikiliza Umm Kulthum redioni Unguja au Mombasa huenda alimsikia Iqbal pasipo kujua.

Badawi ni Mmisri wa mkoa wa Damietta, aliyezaliwa 1917. Alisoma Cairo, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo Wafaransa André Lalande na Alexandre Koyré. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1939, kilimhusu mwanafalsafa wa Ujerumani Nietzsche. Mwaka 1944 alitetea tasnifu yake kuhusu wakati wa kiwujudi, yaani wakati kama mtu mwenyewe anavyouishi. Tangu hapo akaandika vitabu zaidi ya 100, vingi vikiwa uhariri wa miswada ya kale na historia ya falsafa, mpaka alipofariki mwaka 2002.

Lahbabi ni mwana wa Fes, 1922 hadi 1993. Alisoma Paris, akarudi kuwa mkuu wa kitivo cha fasihi Rabat na mmoja wa waasisi wa umoja wa waandishi wa Morocco. Aliandika falsafa, mashairi na riwaya, kwa Kifaransa na Kiarabu.

Bennabi alizaliwa Constantine, Algeria, mwaka 1905. Alisomea uhandisi wa umeme Paris, na uhandisi huo unaonekana katika kila ukurasa wake. Aliishi Cairo kuanzia 1956 hadi 1963, kisha akarejea Algeria huru na kuongoza idara ya elimu ya juu. Alifariki Algiers mwaka 1973.

Mtu ni nani?

Kwa Iqbal, mtu ni khudi: nafsi inayojijua, inayojikaza, isiyokubali kuyeyuka. Katika utenzi wake wa Kiajemi wa 1915, Asrar-i Khudi, anasimulia kisa cha ndege aliyekuwa taabani kwa kiu. Ndege akaona almasi inang'aa bustanini, akadhani ni maji, akaidonoa. Almasi ikakataa kumezwa. Ni ngumu, haiingii kooni. Ndege akageuka, akaona tone la umande juu ya ua la waridi likitetemeka, akalidondosha mdomoni, likaisha. Hapo Iqbal anamgeukia msomaji: wewe ni lipi kati ya hivyo viwili? Mbele kidogo kuna kisa cha almasi na makaa, vitu vya asili moja, tofauti yao ikiwa kukomaa tu. Hapendi kabisa lile fundisho la baadhi ya Masufi kwamba upeo wa mja ni kupotea ndani ya Mola kama tone baharini. Yeye anataka lulu, iliyo ndani ya bahari na bado ni lulu.

Njia ya kufika huko ina daraja tatu: utiifu, kisha kujitawala, kisha ukhalifa wa Mwenyezi Mungu duniani. Angalia kwamba utiifu ndio ngazi ya kwanza, naye anaupigia mfano wa ngamia, mnyama anayebeba na kutembea bila makelele. Wanaomnukuu Iqbal kama mhubiri wa "fanya utakalo" hawajafika ukurasa huo.

Mtu wa Badawi ni mpweke zaidi. Kuwepo kwa kweli ni kuwepo kwa nafsi hii moja, si kwa "binadamu" kwa jumla. Nafsi hiyo inajitambua inapochagua, na kila uchaguzi ni hatari, kwa sababu ukichukua njia hii umeziua nyingine zote. Kifo ndicho kinachokamilisha hoja: hakuna anayeweza kufa kwa niaba yako, kwa hiyo hakuna anayeweza kuishi kwa niaba yako. Ni udhanaishi, bila shaka, falsafa inayoanza na mtu mmoja na uchaguzi wake, na Mjerumani Heidegger yumo. Lakini mwaka 1947 Badawi aliandika kitabu kingine akidai kwamba mzizi wa fikra hiyo umo ndani ya Usufi, katika dhana ya insani kamili, yaani mtu aliyetimia, na katika maneno ya Masufi waliothubutu kusema "mimi". Cha ajabu ni kwamba Iqbal anawakimbia baadhi ya Masufi ili aiokoe nafsi, na Badawi anawakimbilia Masufi kwa sababu hiyohiyo.

Lahbabi anaanza chini zaidi, na binafsi namwona ndiye mwenye subira kuliko wote wanne. Katika kazi yake ya 1954 anasema tunazaliwa tukiwa viumbe tu: tupo, tunahesabika, tunaandikwa katika vitabu vya serikali. Kuwa shakhsi ni kazi inayofuata, na inachukua umri mzima: kupewa jina, kujifunza lugha, kuchukua majukumu, kutambuliwa na wengine na kuwatambua. Mbele ya shakhsi yuko insani, yaani utu uliotimia, ambao hakuna aliyewahi kuufikia ukaisha. Kwa hiyo mtu si kitu kilichomo ndani yako kikingoja kugunduliwa. Ni safari, na inaweza kukatishwa na njaa, ukoloni au ujinga.

Miaka kumi baadaye, 1964, katika kitabu chake juu ya shakhsia katika Uislamu, Lahbabi alikitafutia kitendo hicho cha kuwa shakhsi mahali pake katika dini, akakiona kwenye shahada. Mtu anasimama anasema "nashuhudia": si baba yake anayeshuhudia, wala kabila, wala umma. Hata aliyezaliwa katika nyumba ya masheikh saba lazima aseme mwenyewe, na aseme kwa nia. Kwa Lahbabi, aliyeweza kutoa ushahidi huo amekwisha kutambuliwa kuwa na akili, uhuru na dhima. Ukikaa katika kikao cha mwisho cha sala na kuinua kidole, unafanya tendo ambalo falsafa yake yote inajaribu kulieleza.

Bennabi hana haja ya kukaa sana na nafsi. Swali lake ni la fundi: mashine hii mbona haifanyi kazi? Anazungumzia "mtu wa baada ya Muwahidina", yaani Mwislamu aliyebaki baada ya dola ile ya Maghrib kuporomoka katika karne ya 13. Mtu huyo ana imani, ana hata ujuzi, lakini hana ufanisi. Anasali vizuri na kazi yake inachelewa. Hapo ndipo inapotoka ile kauli yake iliyowaudhi wengi, kwamba kabla ya ukoloni kulikuwa na kukoloniwika: hali ya ndani iliyoufungulia mlango mkoloni.

Wenzake wako wapi?

Iqbal alijua atashutumiwa, akajibu mapema. Mwaka 1918 alitoa utenzi wa pili, Rumuz-i Bekhudi, unaosema nafsi iliyokomaa hupata uzima wake ndani ya umma. Kwa hiyo asomaye utenzi wa kwanza pekee amemsoma Iqbal nusu. Hata hivyo mkazo hauko sawa: watu wanakumbuka almasi, na umma wa utenzi wa pili haujawahi kupata umaarufu huo.

Badawi katika tasnifu yake hana jirani. Wengine wanaonekana zaidi kama kitu kinachokuteka, kinachokufanya uishi kama "watu wanavyoishi". Maisha yake mwenyewe yalikuwa na siasa, kwa sababu ujanani alikuwa katika chama cha Misr al-Fatat, na baada ya mapinduzi ya 1952 aliteuliwa katika kamati ya kuandika katiba. Lakini daraja kati ya nafsi ile ya upweke na katiba ile hakulijenga katika falsafa yake.

Kwa Lahbabi hakuna shakhsi bila wenzake. Jina lako ulipewa, lugha yako uliirithi, na hata ukitaka kuwakataa watu wako utawakataa kwa maneno waliyokufundisha. Ndiyo maana katika kitabu chake cha 1956, mwaka ambao Morocco ilipata uhuru, alimbana mwanafalsafa wa Ufaransa Bergson: uhuru wa moyoni peke yake hautoshi, kwa sababu mfungwa mwenye moyo huru bado ni mfungwa. Badala ya uhuru mmoja mkubwa wa kifalsafa anapendekeza ukombozi mwingi, wa kitu kimoja kimoja: kutoka njaa, kutoka ujinga, kutoka utawala wa wageni, kutoka hofu.

Bennabi yuko upande wa pili kabisa wa Badawi. Jamii kwake si kundi la watu, ni mtandao wa mahusiano baina yao, na mtandao ukikatika jamii imekufa hata kama watu bado ni mamilioni. Mfano wake ni udugu uliofungwa Madina baina ya Muhajirina na Ansari: kabla ya majengo na majeshi, zilisukwa kwanza kamba kati ya mtu na mtu.

Kesho ni kitu gani?

Hapa ndipo wanapotofautiana kwelikweli, na kama una dakika chache tu, soma sehemu hii.

Iqbal anaivamia kadari. Katika mihadhara yake ya Kiingereza iliyokusanywa 1930 na kutolewa tena Uingereza 1934 ikiwa na mhadhara wa saba, anasema mustakabali umo katika uhai wa Mungu unaoumba, ila umo kama uwezekano ulio wazi, si kama ratiba iliyokwisha kuchapishwa. Kama kila kitu kimeshapangwa mpaka mwisho, hakuna kuumba tena, kuna kutandua tu. Kwa hiyo kadari ya kitu ni uwezo uliomo ndani yake, unaosubiri kutimizwa. Katika beti zake mashuhuri za Kiurdu anamwambia mtu aiinue nafsi yake mpaka, kabla ya kila kadari kuandikwa, Mungu amwulize mja: niambie, unataka nini? Ustadhi mwenye tahadhari atasema huo ni ushairi, usichukuliwe kama fat-wa, na ana haki. Lakini mihadhara si ushairi, nayo inasema jambo lilelile kwa utaratibu. Ijtihadi, yaani jitihada ya kufikia hukumu ya dini kwa kufikiri upya, kwake ndiyo injini ya mwendo katika Uislamu, na umma ulioifunga umejifunga wenyewe mlango wa kesho.

Kesho ya Badawi ni ya mtu mmoja. Kuwepo ni kuwa ndani ya wakati, na mtu ni rundo la mambo yanayowezekana ambayo bado hayajawa. Anaporuka kutoka uwezekano mmoja kwenda tendo, ndipo anapoishi. Usitafute kwake mustakabali wa Misri au wa umma. Utapata mustakabali wako, pamoja na hofu inayoandamana nao.

Lahbabi ndiye pekee kati yao aliyeipa kesho falsafa yenye jina lake: al-ghadiyya, kutokana na ghad, kesho. Uzeeni mwake aliona dunia imegawanyika kati ya wanaokula mustakabali wa wenzao na wanaoliwa. Kitabu chake cha 1980 kuhusu ulimwengu wa kesho kinaipa Dunia ya Tatu kiti cha mshitaki. Hoja yake ni kwamba maendeleo ya nchi tajiri yamekua upande wa vyombo na kudumaa upande wa utu, na kwamba waliobaki nyuma hawana haja ya kukimbia ili wawafikie watu wanaoelekea korongoni. Wana haki ya kushiriki kuchora kesho nyingine, ambayo kipimo chake ni yule shakhsi aliyemzungumzia tangu 1954. Ona alivyounganisha ncha mbili: mtu ni kitu kisichokwisha kukamilika, basi na dunia ni hivyohivyo.

Bennabi anakupa hesabu. Ustaarabu ni mtu, ardhi na wakati, na dini ni kichocheo kinachoviunganisha, kama vile haidrojeni na oksijeni zinavyohitaji kitu cha kuzichochea ili ziwe maji. Vyote vitatu kila taifa limepewa, hata lililo maskini. Swali ni wakati unatumikaje. Katika kitabu chake cha 1949 kuhusu masharti ya mwamko anapendekeza jambo dogo kiasi cha kuchekesha: kila mtu, mtoto kwa mkubwa, ajifunze kutenga nusu saa kila siku kwa wajibu fulani maalumu. Nusu saa tu. Anaamini taifa likijua thamani ya nusu saa, mengine yatafuata. Nikisoma kurasa za namna hiyo naelewa kwa nini vijana wa vyuo vya Afrika Kaskazini walimpenda: baada ya miaka ya hotuba kuhusu Andalusia, mtu mmoja aliwapa kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Nimtaje hapa pia Mahdi Elmandjra wa Rabat, ingawa hamo katika orodha, kwa sababu wanaotafuta "fikra za mustakabali" wengi wanamtafuta yeye. Aliongoza shirikisho la kimataifa la wataalamu wa mustakabali kuanzia 1977 hadi 1981, na mwaka 1979 alikuwa mmoja wa waandishi watatu wa ripoti ya Klabu ya Roma, kundi la watu wanaofikiria matatizo ya dunia, kuhusu kujifunza. Ripoti hiyo inatofautisha kujifunza kwa kudumisha yaliyopo na kujifunza kwa kubuni, na nguzo mbili za kujifunza huko kwa pili ni kutazamia na kushiriki. Kama kazi yako ni mipango au elimu, anza naye, halafu rudi kwa hawa wanne baadaye.

Dini inaingilia wapi?

Kwa Iqbal na Bennabi dini ni moto wa kati. Ukiiondoa, hakibaki kitu. Tofauti ni kwamba Iqbal anaisoma ndani, katika tajiriba ya mja na Mola wake, wakati Bennabi anaisoma nje, katika inachokifanya kwa jamii. Wote wawili wanaitegemea aya ya 11 ya Suratu Ra'd, kwamba Mwenyezi Mungu hayabadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe wao yaliyomo nafsini mwao. Lahbabi anaiweka dini kama udongo ambamo shakhsi huota, na anaandika kwa namna ambayo hata asiye Mwislamu anaweza kuifuata hoja. Badawi wa mwaka 1944 unaweza kumsoma mwanzo mpaka mwisho bila kukutana na fikihi wala ibada. Badawi wa uzeeni ni mwingine: mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 aliandika kwa Kifaransa kuitetea Qur'ani na maisha ya Mtume dhidi ya wakosoaji wa Kizungu.

Lugha na ugumu

Iqbal ana bahati: mihadhara yake aliiandika mwenyewe kwa Kiingereza, na Asrar-i Khudi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Nicholson mwaka 1920. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji Kiajemi. Lakini mihadhara ni migumu. Anamtaja Bergson, Einstein na mwanatheolojia Ash'ari katika pumzi moja, na mhadhara wa kwanza umewakatisha tamaa wengi. Afadhali uanze na wa sita, unaohusu ijtihadi.

Lahbabi ni rafiki wa anayesoma Kifaransa, kwa hiyo msomaji wa Bujumbura au Bukavu yuko karibu naye kuliko wa Tanga. Kitabu cha shakhsia katika Uislamu ni chembamba na lugha yake ni safi. Bennabi anapatikana kwa Kifaransa, Kiarabu na, kwa baadhi ya vitabu, Kiingereza. Sentensi zake ni fupi na anapenda mifano ya maabara. Badawi ni wa Kiarabu, na Kiarabu kizito. Aliyehitimu Azhar au Khartoum ataweza, mradi awe na kamusi ya falsafa karibu.

Kila mmoja anapwaya wapi?

Iqbal anawaacha wanyonge njiani. Tone la umande halikuchagua kuwa laini, na kisa hakiliulizi lolote. Ufasaha wake pia ni mtego, maana beti zake zimetundikwa kwenye majukwaa ya kila aina, mara nyingi na watu wasiofanana naye hata kidogo.

Badawi aliahidi mfumo mzima wa falsafa, kisha nguvu zake nyingi zikaenda kwenye uhariri na historia. Tunamshukuru kwa miswada aliyoifufua, lakini jengo alilolichora ujanani lilibaki na msingi na kuta chache. Anayetaka maadili, yaani nimfanyie nini mwenzangu, atatoka mikono mitupu.

Lahbabi ni mpole mno kwa Uislamu wa historia. Anaonyesha vizuri kwamba shahada inampa mtu uhuru, ila hakai vya kutosha na swali la kwa nini jamii zenye shahada hiyo zilimnyima mtu uhuru kwa karne nyingi, hasa mwanamke na mtumwa. Msomaji wa pwani yetu, ambayo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, atalihisi pengo hilo.

Kwa Bennabi tatizo ni lile neno la kukoloniwika. Kulisema mbele ya Mwaljeria ambaye kijiji chake kilichomwa ni kumwongezea jeraha, na wakosoaji wake hawakuacha kumkumbusha. Yeye alijibu kwamba hamsamehi mkoloni, anatafuta tu sehemu ya ugonjwa tunayoweza kuitibu wenyewe. Naikubali nusu ya jibu hilo. Nusu nyingine inategemea nani anayesema, na anamwambia nani.

Nani amchukue nani?

Kama wewe ni kijana uliyekulia katika nyumba ambayo kila jambo lilijibiwa kwa "ndivyo ilivyoandikwa", ukahisi imani yako na juhudi zako zinavutana, Iqbal ameandika kwa ajili yako. Chukua mhadhara wa sita, kisha ule kuhusu nafsi na uhuru wake, ndipo urudi kwenye mashairi. Usiuache ule utenzi wa 1918.

Kama uko katika msiba, au katika uamuzi ambao hakuna ndugu wala sheikh anayeweza kukuamulia, Badawi hatakufariji, ila atakueleza kwa nini uko peke yako bila kukutukana. Vilevile mwanafunzi wa fasihi anayesoma tamthilia za udhanaishi na kudhani ni mambo ya Paris peke yake atafaidika naye sana. Asiyejua Kiarabu atalazimika kumsoma kupitia walioandika juu yake.

Mwalimu, mwanasheria, mtu wa haki za binadamu, au yeyote ambaye kazini huambiwa kwamba haki za mtu mmoja ni bidhaa ya Magharibi, ana hoja za kuazima kwa Lahbabi. Zinafaa pia katika meza yenye Waislamu na Wakristo, kwa sababu falsafa yake ya shakhsia ilikuwa ikizungumza na ile ya Mfaransa Emmanuel Mounier, aliyekuwa Mkatoliki. Na kama hasira yako ni dhidi ya dunia inayotupangia kesho bila kutuita kikaoni, mwanzie kwenye kitabu cha 1980, si cha 1954.

Kiongozi wa chama cha vijana, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mwenye mradi unaokwama kila Ramadhani ikipita: Bennabi. Anasomeka hata kwa watu wasiopenda falsafa, na kikundi kinaweza kumjadili sura moja kwa juma. Mtaalamu wa saikolojia au mtu anayetafuta kuelewa maumivu yake ya ndani atamwona mkavu.

Wapo watakaotaka wawili kwa mpigo. Iqbal na Bennabi wanakwenda pamoja bila taabu, wa kwanza akikupa hamu na wa pili akikupa ratiba. Badawi na Lahbabi ni bora wasomwe kwa kugombana: soma sura ya Badawi juu ya upweke wa nafsi, halafu Lahbabi juu ya jina na lugha, kisha umwombe mwenzako atetee upande ambao wewe huupendi. Iqbal na Badawi kwa pamoja siwapendekezi kwa anayeanza. Wote wawili wanamnywa Nietzsche, kila mmoja kwa kikombe chake, na ni rahisi kudhani wanasema jambo moja.

Na kama huna hata mwezi, una jioni moja ya Ijumaa na simu mkononi, tafuta kwa Kiingereza kile kisa cha ndege na almasi, ni kurasa chache tu. Baada ya hapo utajua kama unataka kuendelea na Iqbal au umeshaanza kumwonea huruma umande, na kama ni huruma, basi wako ni Lahbabi.